Shilingi 30,000 za Mstaafu kwa Mwezi: Uzile kwa Starehe Ipi?

Kiinua mgongo kina wenyewe. Kabla hakijaingia benki kimeshagawanywa: nyumba haijapigwa plasta, mtoto wa mwisho yuko chuo, kaka anakumbushia deni la msiba wa mwaka juzi, na shemeji ana wazo la biashara ya kuku. Fedha hiyo siigusi hapa. Ninazungumzia ile ndogo inayobaki kwenye pensheni baada ya unga, umeme, dawa na michango ya harusi (michango ambayo, tangu yalipokuja makundi ya WhatsApp, inamfuata mtu hadi chumbani). Kwa wengi wetu hiyo fedha haizidi shilingi 30,000. Ukiamua kuila mwenyewe, bila kumwomba mtu radhi, uile vipi?

Nimechagua kupiga hesabu kwa mwezi kwa sababu ndivyo fedha zetu zinavyokuja sasa. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kilichoanza Julai 2022 kiliwashusha waliokuwa wakichukua nusu ya mafao yao kwa mkupuo hadi asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikawapandisha hadi 40. Tumelalamika na tuna haki ya kulalamika, ila matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya jasho letu inarudi kidogokidogo. Starehe nayo ije hivyohivyo. Anasa inayomegwa kwenye mkupuo huwa kubwa, huonekana na mtaa mzima, na mwaka wa pili haifurahishi tena.

Kipimo changu cha pili si cha fedha. Tulipokuwa kazini, starehe ilikuwa kubaki nyumbani. Ukishafika miaka 60 ya lazima, au 55 ya hiari, nyumbani unabaki hadi unachoka. Kinachokosekana ni sababu ya kuoga na kuvaa shati saa nne asubuhi ya Jumanne, wakati mtaa mzima umekwenda kazini. Kwa hiyo kila kitu hapa chini nakiuliza maswali mawili: kinakula shilingi ngapi kwa mwezi, na Jumanne ile kinanifaa nini?

Bei ni za hapa Morogoro mjini. Walio Dar waongeze kidogo.

Kahawa: kijiweni au jikoni kwako

Kikombe kidogo cha kahawa chungu kijiweni ni shilingi 200. Viwili kwa siku na kashata moja ya 200 ni 600, na mwezi mzima ni 18,000. Nyumbani, pakiti ya robo kilo ya kahawa iliyosagwa inapatikana kwa 8,000 hivi, nayo kwa vikombe viwili vidogo kila siku inakufikisha karibu na mwisho wa mwezi. Weka na gesi, tangawizi na iliki, bado 12,000 hujaifikia. Kwa fedha tupu, jikoni panashinda.

Jikoni pana raha nyingine ambayo wengi hawajaijaribu: kukaanga buni mwenyewe. Nchi hii inalima arabika Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, inalima robusta Kagera, kisha sehemu kubwa inapanda meli ikanywewe na wengine. Tafuta buni mbichi kilo moja, chukua kikaango kizito, moto wa wastani, na mwiko usiotulia. Punje zinatoka kijani zinakuwa njano, halafu hudhurungi, na kwa dakika kadhaa hutasikia kitu. Ghafla zinaanza kupasuka, ta, ta, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo pa kusimama karibu. Ukiipua mara milio inapopungua, utapata kahawa yenye ladha ya matunda kwa mbali. Ukiendelea hadi punje zing'ae mafuta, utapata ule uchungu wa kijiweni. Zimwage kwenye ungo, pepeta maganda, ziache zipoe, na usizitwange siku hiyohiyo. Kahawa iliyolala usiku mmoja hutulia. Ni kazi ya asubuhi moja inayoleta majirani bila kuwaita, kwa sababu harufu ile haina ukuta.

Hata hivyo, kwa wanaume wengi naipa ushindi kahawa ya kijiweni. Ile 6,000 ya ziada hainunui kahawa. Inanunua benchi. Muuza kahawa ana dele lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vimelala kwenye ndoo ya maji, na wewe una mahali pa kukaa ambapo hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Pale utajua nani kalazwa, simenti imeshuka duka gani, na nani ameshafanya uhakiki wa pensheni kwa simu bila kupanga foleni. Kama pana bao, ndiyo kabisa: mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili na makocha tisa. Aliyekuwa mkurugenzi anakosolewa na aliyekuwa dereva wake, na wote wanacheka.

Nasema kwa wanaume kwa sababu kijiwe kimekaa kiume, tusijifiche. Mama mstaafu akikaa pale atatazamwa hadi kahawa ipoe. Kwake yeye hesabu inageuka: buni ya kukaanga nyumbani, siku moja ya wiki iliyopangwa, majirani wawili watatu barazani. Gharama inabaki ileile ya 12,000 na wageni juu. Nawafahamu kina mama ambao siku ya kikoba wanakwenda mapema saa nzima kwa ajili ya mazungumzo tu. Kwao starehe imeshapatikana, inahitaji tu birika zuri.

Mwenye sukari aache kashata, si kahawa; kahawa ya dele haitiwi sukari. Anayekosa usingizi anywe cha asubuhi peke yake.

Mpira: kisimbuzi au kibanda umiza

Hapa ndipo nyumba nyingi hugombana. Tuseme kifurushi chenye ligi yetu kinakugharimu 28,000 kwa mwezi. Ukitazama mechi nane, kila mechi imekula 3,500. Kibanda umiza kinatoza 500 mechi ya kawaida, na 1,000 Simba na Yanga wakikutana. Kwa mechi nane hizo hufiki hata 6,000.

Kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Kisimbuzi unakilipia wewe lakini rimoti ni ya wajukuu, na saa tatu usiku ni ya tamthilia. Mstaafu mwenye kifurushi kamili anaweza kujikuta anasikiliza dakika za mwisho kwa redio ya simu, yuko chumbani, mlango umefungwa, ili asiwasumbue wanaotazama harusi ya Kituruki sebuleni. Kama nyumba nzima inafurahia, basi kilipwe kwenye bajeti ya nyumba pamoja na umeme na maji. Kisihesabiwe kwenye starehe yako.

Kibanda kina kelele, kina utani, kina vijana watakaokuita "mzee wa Sunderland" wakigundua kwamba unakumbuka Simba kabla ya kubadili jina mwaka 1971. Hiyo heshima huipati sebuleni. Tatizo la kibanda ni mgongo. Mabenchi yale hayana egemeo, na dakika 90 pamoja na mapumziko ni ndefu kwa kiuno cha miaka 63. Mechi za usiku nazo zinakurudisha nyumbani saa tano, barabara haina taa, na mbwa wa jirani hajui kwamba ulikuwa mwalimu wake mkuu.

Ninayemshauri huwa namwelekeza njia ya kati, ambayo hutajwa mara chache: mgahawa au baa tulivu yenye runinga. Soda moja ya baridi ya 1,000 inakukalisha kwenye kiti cha plastiki chenye egemeo mechi nzima, na mhudumu hakusogelei kama umeagiza mapema. Mechi nne za jioni kwa mwezi ni 4,000. Za usiku waachie wenye macho makali, wewe utasimuliwa kijiweni kesho yake, mara nyingi kwa utamu kuliko zilivyochezwa.

Gazeti, redio, bando

Gazeti la kila siku kwa shilingi 1,000 linamaliza 30,000 zote, na bando la 1,000 kwa siku linafanya hivyohivyo. Kwa hiyo hapa si suala la kipi kizuri, ni suala la kupunguza.

Gazeti nalishauri kwa Jumamosi na Jumapili tu, nakala nane kwa mwezi, 8,000. Siku nyingine vichwa vya habari husomwa bure pale mezani kwa muuza magazeti, umesimama, mikono nyuma, kama desturi yetu inavyoruhusu. Gazeti lina mwanzo na mwisho. Ukilimaliza umelimaliza, unampa jirani, na likirudi linafungia maandazi. Bando likiisha halifungii kitu, na asubuhi hukumbuki lilikwendea wapi. Simu yenyewe ni ya lazima siku hizi, hata uhakiki wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unafanyika kwayo, na mjukuu aliye Arusha anaonekana uso kwa video. Ila video fupi za watu wanaoanguka kwenye matope siyo sababu ya kununua bando kila asubuhi.

Redio ndiyo inayonishangaza kwa jinsi ilivyodharauliwa. Redio ndogo yenye sola na sehemu ya kuchomeka memori kadi hupatikana kwa 25,000 hivi, mara moja. Igawe kwa mwaka, ni kama 2,000 kwa mwezi. Mpeleke kijana kadi akujazie zilipendwa. Hapa Morogoro, mji uliokuwa na bendi zake zikigombania mashabiki miaka ya sitini na sabini, atajua mwenyewe aanzie wapi. Inakaa dirishani unapomwagilia mchicha, unakwenda nayo shamba, na saa mbili usiku taarifa ya habari inakuja bila kukuomba nywila. Kwa shilingi iliyotumika, sijaona kinachoishinda. Upungufu wake ni ule wa Jumanne: haikutoi nyumbani. Inakufanya ubaki ukiwa na amani tu.

Kiti cha kupimwa

Kiti ni anasa ya kuchonga mara moja, na mtu akiniuliza akusanyie nini fedha zake za miezi mitatu, namwambia kiti. Siyo sofa. Sofa ni ya wageni, ni ya chini mno, na kuinuka kwake kunahitaji mashahidi. Ninamaanisha kiti cha barazani cha mbao, cha mtu mmoja, kilichopimwa kwa mguu wako.

Nenda kwa fundi seremala na vipimo vyako mkononi. Kaa kwenye kitu kigumu ukiwa na ndala zako za kawaida, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti: hicho ndicho kimo cha kikalio, na kwa wengi ni karibu sentimita 45. Kama magoti yanauma, ongeza tatu au nne. Mikono ya kiti ifike mbele kabisa, isiishie katikati kama mafundi wengi wanavyopenda, kwa sababu wakati wa kuinuka unashika pale mbele na kujisukuma. Kikalio kisiwe kirefu kiasi cha kukubana nyuma ya goti. Vidole viwili vipite. Egemeo lilale kidogo tu. Ukilala sana utasinzia saa tano asubuhi, na usiku utahesabu mabati.

Mninga ni mzuri ila bei yake imekuwa ya watu wengine. Mtiki wa Mtibwa au Kilombero unavumilia mvua na jua, na fundi wa mtaani atakuchongea kwa 90,000 hivi pamoja na vanishi. Kikidumu miaka kumi, na kitadumu, mwezi unakula 750. Kinakuweka barazani, mahali ambapo kila apitaye lazima akusalimie, na salamu tano za asubuhi zinatosha kubadilisha siku.

Wengine watauliza kuhusu godoro. Godoro zuri si anasa, ni matibabu, na hilo ndilo jambo moja ambalo ningelichota kwenye kiinua mgongo kabla shemeji hajaleta vifaranga vyake.

Bajaji ya kurudi sokoni

Hii nitaipita haraka kwa sababu haina ubishi. Kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu panda daladala kwa 600, mikono mitupu, hakuna tabu. Kurudi na viazi, nyanya, mkungu wa ndizi na sangara anayedondosha maji, kodi bajaji hadi mlangoni, 4,000. Mara nne kwa mwezi ni 16,000 badala ya 2,400. Zaidi ya nusu ya fedha yako imekwenda, ndiyo, lakini ukiwa na magoti mabovu au ukiishi mlimani kuelekea Bigwa, hakuna starehe nyingine hapa itakayokupa nafuu ya haraka hivyo. Mwenye magoti mazima aiache, apande daladala, akanywe kahawa kwa fedha hiyo.

Treni au basi: matembezi ya siku moja

Hii ndiyo anasa ninayoipenda kuliko zote, ingawa inazidi kipimo cha mwezi mmoja. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma Julai 25. Nauli ya daraja la kawaida Morogoro–Dar ilianza kwa 13,000, hivyo kwenda na kurudi ni 26,000. Basi kutoka Msamvu ni rahisi kwa elfu tatu nne kila upande, lakini linakushusha Mbezi, kisha unatafuta daladala la mjini, na foleni ya Kibaha hadi Kimara inakula ule muda uliodhani umeuokoa. Treni inachukua chini ya saa mbili na inakushusha katikati ya jiji.

Tofauti kubwa iko kwenye mwili unaofika. Basi linakufikisha umekunjamana, unatafuta choo na panadol. Treni ina vyoo, unaweza kusimama na kutembea kwenye behewa, na baada ya Ngerengere unatazama nchi ikishuka kuelekea Ruvu bila kuona lori hata moja likijaribu kulipita lori jingine kwenye kona. Kwa mtu aliyesafiri miaka thelathini kikazi akiwa amebana faili mapajani, safari isiyo na barua ya ruhusa wala posho ya kujieleza ni kitu kipya kabisa.

Ukifika, usiende kwa ndugu. Ukienda kwa ndugu siku imekwisha, utalishwa wali na kuulizwa habari za mirathi. Chukua bajaji hadi Feri, kula samaki wa kukaanga na ndizi pale karibu na soko la samaki, kisha panda pantoni kwenda Kigamboni kwa shilingi 200. Simama upande wa kushoto, ule unaotazama mlango wa bandari. Kama una bahati utapishana na meli kubwa inayoingia, na kwa dakika chache magari, baiskeli, matenga na watu wote wa pantoni watanyamaza kuitazama. Vuka, tembea kidogo, rudi. Hakuna matembezi ya baharini ya bei hiyo mahali pengine ninapopajua.

Kama unapendelea milima, elekea upande wa pili. Kati ya Morogoro na Dodoma, maeneo ya Kilosa, reli inapita kwenye mahandaki, na watoto hupiga kelele kila giza linapoingia. Sehemu hiyo ni nzuri kuliko ya Dar, ila Dodoma ukifika jua la saa saba halina bahari ya kulipoza, na mambo ya kufanya huko yatakurudisha ofisini.

Mtoto wa kati ya miaka 4 na 12 analipa nusu, yaani 13,000 kwenda na kurudi, na aliye chini ya hapo hatozwi. Wewe na mjukuu mmoja mnakuwa 39,000. Weka samaki, pantoni, bajaji na juisi ya miwa, mnakaribia 60,000. Hiyo ni miezi miwili ya kibubu. Mimi ningefunga kahawa za kijiweni nusu nusu kwa miezi hiyo kuliko kuiacha safari.

Beba kitambulisho, tiketi inakwenda na jina. Kata ya kwenda na ya kurudi siku moja, mapema, kwa simu au dirishani Kihonda, maana Ijumaa na Jumapili hujaa wafanyakazi wanaorudi kwa familia zao. Fika kabla ya muda, geti likifungwa limefungwa, hawajui uzee. Na kwa kuwa wewe sasa huna bosi, chagua Jumatano ya katikati ya likizo ya Juni: treni ya asubuhi kwenda, ya jioni kurudi, mjukuu akae dirishani.